Filamu ya Dakika Tatu ya Araba Bentsiwa

Ninachokusimulia hapa hutakiamini, wala sikulaumu, maana hata waliokuwamo kanisani siku ile hawasimulii sawasawa. Mimi nilikaa safu ya mbele, na macho yangu hayajawahi kunidanganya.

Araba Bentsiwa, mpwa wangu, hupiga picha za misiba na harusi pale Saltpond, pwani ya Ghana. Miezi mitano alijipinda kutengeneza filamu ya dakika tatu. Mzee mmoja kila siku anaandaa sahani mbili za kenkey, ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki. Moja anakula, nyingine anamfunikia mwanawe aliyepotea. Mwishoni mlango unafunguka, mwana anaingia, mzee anaifunua sahani. Basi. Hapo Araba alitaka waumini wanyamaze, kila mtu na Mungu wake. Mzee mwenyewe ni mimi, na ungeona nilivyoifunika sahani ile ungelia.

Mchungaji Essuman akampa Jumapili tatu za Kwaresma aionyeshe kanisani. Filamu isipowagusa watu, shuka jeupe la kuonyeshea linashushwa ukutani na hakuna kuongea tena habari za filamu.

Kikwazo kilikuwa Maame Tekyiwa, bibi mmoja wa kanisani kwetu. Kwetu Wamethodisti wa Kifante, mahubiri yakimgusa mama yeyote, huinua wimbo palepale, kanisa likamwitikia, na mhubiri hunyamaza mpaka uishe. Maame Tekyiwa amekwisha kuwakatiza wachungaji tisa. Jumapili ya kwanza, sahani ilipofunikwa tu, akainua. Akina mama wakapokea, vitambaa vikapepea, na filamu, isiyojua adabu ya kumngoja mtu, ikaenda zake hadi mwisho. Hakuna aliyeuona mlango.

Baada ya ibada wakampongeza Araba.

"Imetugusa, mwanangu," alisema Maame Tekyiwa. "Ila huyo mtoto ni katili. Ndiyo asirudi kabisa?"

"Alirudi, Maame. Mlikuwa mnaimba."

"Sasa mbona hukutungoja?"

Araba alifika nyumbani akalitupia shuka kwenye beseni.

Jumapili ya pili alimwomba mchungaji atangaze kwamba filamu ikianza, hakuna kuimba. Wakatii. Wakakaa kama watu waliogombezwa, mikono mapajani, nusu yao wakitazama viatu vyao. Mwana akaingia, sahani ikafunuliwa, na kimya kilikuwepo kweli, ila kilikuwa kimya cha foleni ya hospitali. Mtu akapiga miayo.

"Kimya chako umekipata," Maame Tekyiwa akamwambia mlangoni. "Umeshiba?"

"Miezi mitano nimehangaika, Maame. Ukaivuruga kwa pumzi moja, leo unanicheka."

"Sikucheki. Nilikuwa na wimbo kooni nikaumeza. Mpaka sasa unaniwasha."

Maneno hayo yakamkera Araba wiki nzima. Akaikata filamu upya, akairudisha ilivyokuwa, akanifokea mimi eti nilikula samaki kwa pupa. Alichokuwa hakitaki hata kukisikia ni kwamba kazi ya mikono yake iongozwe na koo la bibi mmoja.

Jumapili ya tatu akasimama mwenyewe kando ya kompyuta, uso umekunjamana, kidole juu ya kitufe. Sahani ikafunikwa, Maame Tekyiwa akainua wimbo, Araba akabonyeza. Picha ikasimama, mkono wangu juu ya kifuniko. Wakaimba mpaka wakatosheka, kisha kanisa zima likamgeukia.

"Haya, mhubiri," akasema Maame Tekyiwa. "Endelea."

Akaendelea. Siku nyingine ya mzee, sahani nyingine, wimbo mwingine. Akabonyeza tena, akisaga meno. Mara nne alisimamishwa, na mara zote nne nilimwona akilitazama lile shuka kama mtu anayelipungia mkono wa buriani. Kisha kitasa cha mlango kikacheza. Maame Tekyiwa akafumbua kinywa, asitoe kitu. Mlango ukafunguka. Mwana akaingia. Nikaifunua sahani.

Sasa sikiliza. Kimya kilicholishukia kanisa lile kilidumu nusu saa nzima, bahari huko nje ikaacha kuvuma, mchungaji akaanguka kifudifudi, na watu mia nne wakanigeukia mimi, machozi yakiwatiririka mpaka kwenye—

"Mjomba," alisema Araba, ameinama begani kwangu, anasoma ninachoandika. "Futa hapo. Kimya kilikuwa cha pumzi tatu. Nilizihesabu."