Umeme Uliobaki Ndani

Juzi, katika duka moja la Posta, niliona amplifaya, kikuza sauti, ya zamani ya taa za kioo, na harufu ya risasi ya kuchomelea ikanirudia puani.

Baba aliunda ya kwake chumbani kwetu Kariakoo, kwa taa alizotoa kwenye redio mbovu. Kila alipoigusa ndani alitumia mkono mmoja, mwingine kauweka mgongoni. Nilidhani anaringa.

Alasiri moja, nikiwa mdogo, jirani yetu Bwana Kanti, mwenye duka la redio, alileta deki mbili za CD zilizotoka Dubai, wachague itakayopatana na amplifaya. Ya kwanza ilichoma masikio. Ya pili ilikuwa tamu, ila chini ya muziki kulikuwa na ngurumo isiyokoma, kama lori limesimama nje.

“Chukua hii, fundi,” alisema Bwana Kanti.

“Kwanza niiondoe hiyo ngurumo.” Baba akachomoa waya wa amplifaya ukutani, akaifunua, akaenda uani kuchukua koleo.

Taa zake zikafifia. Nilijua kitu kikichomolewa kimekufa. Sikujua kwamba umeme hubaki ndani, ukingoja, wala kwamba Baba aliuweka mkono mgongoni ili usipite moyoni. Nikanyoosha kidole kuigusa ndani. Bwana Kanti aliwahi kuusukuma mkono wangu, na wake ndio ulioangukia ndani. Ukasikika mlio mkavu. Akarushwa hadi ukutani, akateleza chini, macho wazi.

Baba aliingia mbio. “Kanti! Kanti, unanisikia?”

Ilichukua muda mrefu kabla hajakohoa. “Nipo,” alisema.

Baba akanigeukia. “Na wewe ulikuwa umesimama wapi?”

Nikamwonyesha mahali, mbele kabisa ya amplifaya. Akakaa sakafuni palepale.