Mtangazaji wa Galaksi

Hii aibu nimeibeba mpaka nimechoka, bora niwasimulie mwenyewe mnicheke mara moja yaishe. Kazi yangu ni kuchunguza galaksi za mbali kwa redio, yaani tuna madishi makubwa yanayonasa mawimbi kutoka kwenye michirizi ya gesi ya moto inayorushwa na vitovu vya hizo galaksi, mawimbi yaliyoanza safari kabla hajazaliwa mtu yeyote (msiniulize mengi, kuna siku hata mimi sielewi). Sasa mama alivyopiga simu kutoka kijijini kwetu Tlawi kuuliza nimepata kazi gani huko ugenini, mimi kwa uvivu nikamjibu, "Niko kwenye redio, mama." Nikaona nimemaliza.

Kumbe. Narudi likizo, nimepakumbuka nyumbani mpaka moshi wa jikoni nauota, nakuta harusi ya binamu yangu, na katekista aliyekuwa mshereheshaji ananiona tu anatangaza, "Mtangazaji wetu amefika, mpeni maiki." Ningekataa palepale, lakini mama alishasimama anapiga vigelegele, basi nikapokea. Nikawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia, halafu wote wananitazama mdomoni. Nikaanza kueleza michirizi. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Hiyo Galaksi iko upande gani wa mlima Hanang?" Watu wakaangua kicheko, jasho likanitoka na baridi yote ile, nikamwita bibi harusi kwa jina la dada yake, mpaka katekista akaninong'oneza, "Achana na hayo, toa salamu kama za redioni." Nikatoa: ziwafikie wajomba wa Nambis, kwaya, wapishi, hata kijana wa bodaboda aliyenileta. Nikarudisha maiki nikakimbilia nyuma ya jiko.

Mama akanifuata na sahani ya wali. Hakucheka.

"Kila jioni kipindi cha salamu nawasha redio," akasema, "nasema leo mwanangu atanitaja. Betri zikiisha naweka nyingine. Na leo nimekaa mbele kabisa, hukunitaja."

Nikaweka sahani chini. Miaka yote nahangaika kusikiliza vitu visivyojua kama nipo, na nyumbani mtu anakesha kunisikiliza mimi.

Likizo iliisha, niko mbali tena, na napakumbuka kuliko mwanzo. Maiki nimeapa sishiki. Ila jioni, saa ya kipindi ikifika, nampigia: "Salamu hizi zimfikie mama yangu mzazi, Tlawi." Anajibu, "Zimefika, mwanangu," halafu hakati simu, na mimi sikati.