Ng'ombe wa Bucha na Ng'ombe wa Maziwa

Kwa miaka mingi nililishwa na bucha. Kama uliishi mtaa wa Langas kabla mashine za kuchapa mabango hazijafika, huenda ulinunua nusu kilo chini ya ng'ombe niliyemchora mimi: mnene, mgongo umenyooka kama meza, anatabasamu kana kwamba hajui kinachouzwa ndani. Nilimchora bila hata kumtazama ng'ombe. Rangi tatu, saa moja, kazi imekwisha.

Kisha yakaja mabango ya plastiki. Mwenye bucha anaingia mjini asubuhi, anarudi mchana na bango lenye picha ya nyama iliyopigwa nchi nisiyoijua, na mimi nabaki na makopo yangu. Nilikasirika mwaka mzima. Mke wangu husema hasira ile haikununua hata kiberiti.

Kaka yangu mkubwa ana duka la mbegu na dawa za mifugo mjini. Akaniita, akaniambia kuna nafasi ya kusimama kaunta.

"Shule zikifunguliwa nataka jibu," akasema. "Hii mambo ya rangi umejaribu vya kutosha."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Nilijua nikishaingia nyuma ya ile kaunta sitatoka. Nitakuwa mtu ambaye aliwahi kuchora.

Basi nikafungua ukurasa mtandaoni. Niliamini wanunuzi wa huko ni wazungu, na mzungu anataka tembo, kwa hiyo nikachora tembo, ingawa sijawahi kumwona tembo ana kwa ana. Nikachora twiga. Nikachora jua likizama nyuma ya twiga. Binamu zangu wakaandika "kazi safi" na kupita zao. Hakuna aliyeuliza bei.

Mke wangu huuza maharagwe na mahindi, na wateja wake wengi huwapata kwa simu. Jumapili moja mchana aliuchukua ukurasa wangu akaupitia kutoka juu hadi chini, kama mtu anayechambua maharagwe.

"Sasa mtu atajuaje hii picha inauzwa?" akauliza. "Bei hakuna. Mwenye kuchora hakuna. Mimi nikiposti maharagwe naonyesha gunia, naonyesha mkono wangu ndani ya gunia, naandika bei. Halafu, tembo ya nani hapa Langas?"

Nikamwambia sanaa si maharagwe. Akasema ni kweli, maharagwe yananunuliwa.

Siku ya tatu nikatoa stuli nje ya mlango, kwenye mwanga, nikaanza kumchora ng'ombe wa jirani. Mke wangu akairekodi mikono yangu tu, maana uso wangu nikichora ni wa mtu anayeumwa jino. Akaandika bei, akaandika kwamba nitamchora ng'ombe wa mtu yeyote kwa kutumiwa picha. Wiki haikuisha kabla watu nisiowajua hawajaanza kuuliza maswali, na mke wangu akanilazimisha nijibu kila mmoja siku hiyo hiyo, hata wale wa "hiyo ni bei ya mwisho?"

Mteja wa kwanza wa kweli alikuwa muuguzi anayefanya kazi ng'ambo, mzaliwa wa Burnt Forest. Mama yake bado alikuwa na ng'ombe mzee ambaye maziwa yake yalimlipia yeye karo ya chuo. Alitaka picha kubwa, iwe zawadi ya mama. Akatuma picha mbili za simu na nusu ya bei. Nikachora siku nne, nikaipiga picha kazi yangu nikamtumia, akajibu kwamba ni nzuri sana, nimpelekee mama na nimrekodi akiifungua.

Nikaipeleka mwenyewe. Mama akaondoa polepole magazeti niliyoifungia, akaitazama picha, kisha akanitazama mimi. Simu yangu ilikuwa inarekodi.

"Hii ng'ombe ni ya bucha," akasema.

Nikadhani ananitania. Akaanza kunionyesha kwa kidole. "Hii mgongo ni ya nani? Yangu iko na mifupa hapa. Na kiwele iko wapi? Umeondoa maziwa yote ukaweka nyama."

Niliitazama kazi yangu nikaona aibu. Mkono ulikuwa umefanya ulivyozoea. Ulinenepesha mapaja, ukanyoosha mgongo, ukapunguza kiwele hadi kikawa kama mfuko wa shati, kwa kuwa hakuna mwenye bucha anayelipia kiwele. Hata lile tabasamu lilikuwepo.

Mteja alikwisha kusema ni nzuri, na ningeweza kuaga nikaondoka. Badala yake nikamwomba mama anionyeshe ng'ombe wake. Akanipeleka bandani, akanipindulia ndoo nikaketi, nikachora kwa penseli alasiri nzima huku yeye amesimama nyuma yangu akinikosoa. Sikio lilichanwa na seng'enge. Pembe moja iliinama. Mshipa mnene ulipita chini ya tumbo hadi kwenye kiwele.

"Hiyo mshipa usisahau," akasema. "Hapo ndipo fees ilipitia."

Nilikuwa na furaha kwenye ile ndoo, furaha ambayo miaka yote ya mabango haikunipa.

Nikamwandikia muuguzi ukweli: nimekuchorea nyama, narudia, na sitaongeza bei. Nilitarajia adai pesa yake. Akanitumia ujumbe wa sauti, na karibu wote ulikuwa kicheko. Picha ya pili ilipokamilika, mama mwenyewe akasema sasa huyu anaweza kukamuliwa. Kwa ruhusa yao mke wangu akaziweka zote mbili mtandaoni, ya kwanza na ya pili, pamoja na ile rekodi ya mama. Watu wakacheka, kisha wakaanza kuagiza. "Nina ng'ombe wa nyanya yangu," mmoja akaandika, "tafadhali usimpeleke bucha." Karibu wote walikuwa watoto wa huku kwetu walio mbali na nyumbani. Mzungu hakuwepo hata mmoja.

Shule zikafunguliwa, na kaka akaja kuchukua jibu lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akasimama mbele ya ng'ombe niliyekuwa nikimchora, na hata mke wangu alipoleta chai hakuketi.

"Yule wa baba alikuwa na baka jeupe hapa," akasema, akijigusa paji la uso. Ng'ombe huyo baba alimuuza ili kaka aende chuo, na hakuna picha yake popote. "Unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Alikuwa anachechemea mguu wa nyuma."

"Wa kushoto."

"Wa kushoto," nikakubali.

Akainywa chai akiwa bado amesimama. Tangu utotoni kaka yangu huchukua vitu vyangu bila kuuliza, na bango la duka lake nilimchorea bure. Akaweka kikombe chini, akatoa simu.

"Bei yako ni ngapi?" akauliza.

Nikamtajia ile ile ninayowatajia wengine, naye akatuma nusu pale pale.