Turubai la Arap Maritim

Kuna siku moja ambayo huwa naikumbuka hata nikiwa sitaki, mwanangu, nayo ni siku niliyochukua kisu cha jikoni nikakata turubai la mtu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani kwetu juu ya Merigi, na kusema kweli sijatoka tena tangu hapo. Watu wa rika langu wamefika Mombasa, wengine wamepanda ndege. Mimi nilifika Kipkelion mara moja kuona treni, nikaiona, nikarudi kwa sababu nilikuwa nimekikumbuka kitanda changu. Kwa hivyo usidhani nakuandikia mambo ya dunia. Nakuandikia mambo ya boma mbili na kijito kilicho katikati.

Mwaka huo chai yetu ya kwanza ilikuwa imeanza kuchumwa. Mvua ya huku unaijua, saa nane mchana haikosi, utafikiri imeajiriwa. Wachumaji walijifunga magunia ya mbolea kiunoni ili wasilowe. Mimi nikaona gunia halinifai, mtu mzima niliyesoma jiografia mpaka kidato cha nne. Tena kwenye kituo cha kupimia chai kulikuwa na wasichana, na mmoja wao ndiye huyu anayeniita sasa hivi nikafunge ndama, kwa hivyo nitakuwa mwangalifu na ninayoandika.

Darini kwa baba mkubwa, karibu na mahindi, kulikuwa na turubai la kijani lililokunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya katani. Kitambaa kizito, maji hayapiti. Moshi wa jikoni ukilipaka masizi, baba mkubwa alilishusha, akalipangusa, akalikunja kwa mikunjo ile ile, akalirudisha. Hakulitumia hata siku moja. Nyumba ilipovuja juu ya kitanda chake aliweka sufuria. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilijiuliza kama litatoa aproni moja au mbili.

Lilitoa moja. Kipande kilichobaki nikakifunga kwenye mlango wa zizi la ndama kuzuia upepo.

Huyu baba mkubwa, Mzee arap Tonui, alikuwa kaka yake baba. Alikuwa amepigana vita vya pili vya dunia huko Burma, katika jeshi la Waingereza. Sisi tulijua hivyo tu, kama unavyojua kwamba jirani ana shamba Soin: umesikia, hujaenda kuliona. Hakuwa mtu wa hadithi. Alichorudi nacho kutoka vitani ni kutandika kitanda kabla ya kusalimia mtu, na kutembea kama mtu anayekaguliwa. Tulimcheka. Bingwa wa kumwiga nilikuwa mimi; nilitembea nyuma yake hivyo hivyo, kifua mbele, mpaka siku mama aliponirushia mwiko.

Alinikuta katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, aproni mpya kiunoni, najiona. Akasimama mwisho wa mstari. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

"Simama wima," akasema.

Nikasimama huku nikicheka kidogo. Nilidhani ni mchezo.

"Hapo mbele pana namba. Isome."

Ndipo nikaziona zile tarakimu nyeupe zilizofifia. "Zimeishia katikati, baba mkubwa. Zingine zimekatwa."

"Zimekatwa na nani?"

Kuna swali, mwanangu, ambalo jiografia yote haisaidii. 

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Kwa ndama."

Akaenda mwenyewe mpaka zizini. Akakifungua kile kipande polepole, kama anayemvua mtoto nguo akiwa amelala, akakipangusa mavi ya ndama kwa kiganja chake. Akatandika vipande vyote viwili kwenye nyasi na kuvisogeza mpaka namba ikakutana. Niliona midomo yake ikiisoma. Kisha akakaa chini kwenye majani mabichi, yeye ambaye hakukaa mahali bila kupapangusa kwanza.

Siku hiyo ndipo aliponiambia, na hakurudia tena maishani. Lile turubai halikuwa lake. Lilikuwa la arap Maritim, kijana wa boma la ng'ambo ya kijito. Walitembea pamoja siku mbili mpaka Kipkelion, wakapanda treni pamoja, wakafika Burma pamoja. Kila askari alikuwa na turubai lake lenye namba yake. Alililalia, akajifunika nalo mvua, na akifa alizikwa ndani yake. Mvua ya huko, alisema, ikikutana na hii yetu itaiita mtoto. Maritim akashikwa na malaria. Baba mkubwa akamfunika kwa hilo turubai na kukaa naye mpaka wabebaji wa machela walipokuja. Katika kumkimbiza garini, turubai likaanguka kwenye matope. Baba mkubwa akaliokota, akakimbia nalo nyuma ya gari, akiita. Gari halikusimama.

"Nilimwona mara ya mwisho analowa," akaniambia. "Na kifuniko chake ninacho mimi."

Hakumwona tena, wala hakuna aliyemwambia lolote. Vita vilipoisha alilipeleka turubai kwa mama yake Maritim. Yule mama aliliangalia, akaweka mikono nyuma ya mgongo. "Ukinipa hilo umenipa maiti," akasema. "Niletee mwanangu, au niletee mtu aliyemzika."

Sasa wewe wa siku hizi huenda hujui ukali wa jambo hilo. Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wanamnusisha ugoro huku wakitaja majina ya jamaa waliotangulia, mmoja mmoja. Atakayetajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi, na mtoto anachukua jina lake. Lakini wanaotajwa ni waliokufa tu. Maritim hakuwa hai, na hakuna aliyeweza kusema amekufa. Kwa hivyo kila mtoto alipozaliwa katika boma lile, wakifika kwake walimruka. Mtu aliyekwenda mbali kuliko sisi sote hakuwa na mlango wa kurudia nyumbani. Baba mkubwa alienda ofisi ya serikali mara tatu na ile namba. Mara zote tatu aliambiwa angoje.

Alipomaliza kunieleza, nilitaka ardhi inimeze, lakini ilikuwa imejaa mizizi ya chai.

"Nitalishona, baba mkubwa," nikasema.

"Shona. Lakini panya hawatauliza kama limeshonwa. Sema namba."

Nikasoma pale kwenye nyasi.

"Angalia mimi, sio turubai. Sema."

Nikakosea. Akanirudisha. Nikakosea tena. Mvua ya saa nane ikaja ikatukuta hapo, mzee amekaa, mimi nimesimama wima, naimba tarakimu. Nilipozipatia mara tatu bila kuangalia, akasimama, akakunja vile vipande.

"Kuanzia leo, turubai ni wewe."

Na hakuwa anatania. Kila asubuhi kabla sijachukua kikapu nilipita mlangoni kwake, nikasimama wima, nikasema namba ya arap Maritim. Yeye akaitika kwa kichwa tu. Mvua, jua, Krismasi. Siku niliyofunga ndoa nilipita pale na suti ya kuazima, nikasema namba, ndipo nikaenda kanisani. Niliona ni adhabu tu. Nilihesabu miaka nikisubiri aseme basi, imetosha. Hakusema. Alipokaribia kufa aliagiza jambo moja: vile vipande, nilivyovishona vibaya kwa uzi wa gunia, viwekwe kwenye jeneza lake.

"Nitampelekea mwenyewe," alisema.

Tukafanya hivyo. Basi hapo namba haikubaki mahali popote chini ya jua isipokuwa katika kichwa changu, kichwa ambacho mke wangu haachi kusema hakiwezi kukumbuka chumvi.

Nami sikuiacha. Mlango wa kusimama mbele yake haukuwepo tena, kwa hivyo nikaihamishia kwa ng'ombe. Nikikamua, kila nikivuta ziwa ni tarakimu moja. Ng'ombe wangu wote wameijua. Simu za mkononi zilipofika huku, mke wangu alinisikia siku moja nikaona mtu amesimama nyuma yangu na mwiko. Ni kama ule mwiko wa mama ulirithiwa.

"Namba ya nani hiyo unamwambia ng'ombe?"

"Ya mwanamume, Mama Cheptoo. Tena hayuko."

"Haianzi hata na sifuri saba," akasema akiwaza. "Hata kudanganya hujui." Lakini akaniamini, Mungu ambariki, kwa sababu kwa kweli sijui.

Sasa nikufikishe kwenye kosa langu la pili, kubwa kuliko la kisu. Ng'ambo ya kijito alibaki binti yake Maritim, Kogo Tapkigen, kogo kwetu ni bibi, aliyeachwa na baba akiwa bado ananyonya. Leo ni bibi mzee, macho yamekwisha, miguu imevimba. Nimemsalimia maisha yangu yote. Nimekunywa mursik kwake, yale maziwa yetu ya kibuyu. Na sikuwahi kumwambia kwamba namba ya baba yake ninayo. Kwa nini? Hakuniuliza, nami nikadhani ni adhabu yangu, haimhusu. Mtu anaweza kukaa juu ya kitu cha mwenzake miaka yote hiyo akidhani ni kigoda.

Aliyetuamsha ni mjukuu wake, Chebet, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na mimba ya kwanza, na bibi yake alikuwa amemwambia, "Ningependa kumtaja baba kwa huyo mtoto kabla sijaenda." Basi, mwanangu, ungemwona yule msichana. Tumbo limejaa, miguu matopeni, anapanda vilima vyetu boma kwa boma akiwauliza wazee: nani alienda vita, nani alirudi, kuna barua, kuna picha, kuna nishani? Jioni anashika simu yake na kuandikia ofisi za ng'ambo zinazotunza majina ya askari waliokufa. Wakamjibu vizuri, lakini wakasema watu walioandikwa arap Maritim ni wengi. Alete namba ya jeshi. Wengi hapo wangekata tamaa. Yeye akabadilisha viatu na kuendelea.

Alifika kwangu mwisho, maana nani anafikiria kumuuliza mtu ambaye hajavuka Kipkelion? Na hakuja kuniuliza mimi. Alikuja kupumzika. Akawa jikoni anakunywa chai na mke wangu, mimi niko nje nakamua, na nikasikia akisema kwa uchovu, "Mama, wanataka namba tu. Namba moja. Na hakuna aliye nayo."

 Mke wangu akaita kwa sauti ya kuamsha kijiji, "Baba Cheptoo! Hebu rudia kile unachomwambia ng'ombe!"

Niliingia na ndoo mkononi. Mwanangu, magoti haya hayajanyooka tangu mwaka juzi, lakini nilisimama wima. Nikasema namba ya arap Maritim, tarakimu zote, bila kupumua. Namba yenyewe siiandiki hapa, ina wenyewe.

Chebet aliandika kwenye kiganja chake kama mtoto wa shule. "Agui," akaniambia, yaani babu, "una uhakika?"

"Kama unanishuku, muulize ng'ombe."

Akacheka, kisha akalia, kisha akaniuliza swali nililostahili: "Na ulikuwa wapi siku zote, Agui?"

"Hapa hapa," nikasema. Nilikuwa na aibu, na bado ninayo.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Chebet alituita kwa bibi yake akatusomea. Jina lilikuwa limeandikwa vibaya lakini namba ilikuwa ni ile ile. Alikufa hospitalini kwa homa, siku chache baada ya lile gari kuondoka. Amezikwa huko Burma kati ya askari wenzake, kaburi lake lina jiwe, mstari wake unajulikana.

Kogo Tapkigen alisikiliza uso umegeukia mlango. Tulingoja alie. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Walimfunika?"

Chebet akasoma karatasi tena, juu hadi chini. "Haisemi hivyo, Kogo."

Hapo nikamweleza yote: matope, gari, mama aliyeweka mikono nyuma, kisu changu, zizi la ndama, na jeneza la baba mkubwa na kilichowekwa ndani. Sikujificha. Nikasikia maziwa yanachemka na kumwagika jikoni, na hakuna aliyeinuka. Kisha yule mama mzee akavuta shuka yake mabegani.

"Basi Tonui amemfikishia," akasema. "Sasa baba yuko mkavu."

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kiume. Mimi kama mwanamume sikuwa ndani, nilikuwa nje na wazee wenzangu tukijifanya tunaongea habari za bei ya mbolea. Tulisikia majina yakitajwa moja baada ya jingine, mtoto kimya. Kisha sauti ya Kogo Tapkigen, nyembamba, ikamtaja baba yake mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mtoto akapiga chafya mbili. Mke wangu anasema ile ya kwanza ilikuwa ya ugoro kuwa mwingi. Mimi nasema nyamazeni, mtu amesafiri kutoka Burma, acheni apige chafya.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: kile kitu kilichokunjwa darini, kabla hujakigeuza aproni, uliza ni cha nani. Muulize mzee aliye karibu, hata yule wa kuchekwa, hata yule asiyetoka kwake, na muulize leo akiwa bado anakumbuka. Ukiambiwa jina, au namba, au jina la mto ambao mtu alivuka, lishike kichwani na kulisema mpaka ng'ombe walijue. Halafu, na hapa ndipo mimi niliposhindwa, vuka kijito ulipeleke kwa wenyewe bila kungoja kuulizwa. Walioenda vitani walitembea siku mbili kufikia treni tu. Wewe unaombwa kuvuka kijito.

Mungu akupe mvua ya saa nane na paa lisilovuja. Akupe mwenzako wa kukimbia nyuma ya gari akiita jina lako. Na siku yako ikifika, uwe umefunikwa vizuri, na nyumbani wawe wanajua uko wapi, ili wakikutaja usikie, urudi.