Kiboko Niliyemlisha Samaki

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa la tatu hapa Mahurunga aliugua, nikajitolea kumshikia kipindi. Mtu mzima mwenye digrii, ningeshindwaje na watoto wa miaka tisa? Nilichora kiboko ubaoni, nikaeleza kwamba kwa kuwa anaishi mtoni, chakula chake ni samaki. Watoto wakatazamana, kisha wakaitikia kwa adabu, "Ndiyo, mwalimu." Nikafurahi kwamba nimeeleweka.

Kesho yake asubuhi mama yake Somoe, mmoja wa watoto wale, aliingia darasani akiwa amemshika binti yake mkono.

"Mwalimu, huyu na bibi yake ndio wanaolinda mpunga wetu, wanagonga debe usiku kufukuza viboko. Jana kamshawishi bibi walale nyumbani. Eti mwalimu kasema kiboko hali mpunga."

"Na mpunga?" niliuliza.

"Umebaki wa upande mmoja tu. Wewe kwenu wapi, mwalimu?"

Darasa zima lilikuwa limeinamisha vichwa, likinionea aibu. Somoe akanisogelea, akaninong'oneza kwa huruma, "Labda yule kiboko aliyekuja kwetu hakusoma, mwalimu."