Devota Aenda Hombolo Kuoneshwa Shamba

Devota Chilewa, fundi cherehani wa Nkuhungu, hakuwa mtu wa kumpa mtu sifa za bure. Kwaya nzima ya mtaa ilivaa sare alizoshona yeye, na kwaya nzima ilimwogopa, maana akikupima kiuno alikueleza ukweli wa kiuno chako mbele za watu. Alizaliwa Kongwa, akaolewa mjini, akamzika mume, akamsomesha binti yake mpaka akapata kazi Mwanza, na yote hayo aliyafanya huku mdomo ameubetua upande mmoja.

Sasa alikuwa anaposwa. Apolinari, mgane, ofisa wa wizara fulani, alikuwa mmoja wa wale waliohamia Dodoma pamoja na serikali wakajenga Msalato na kuanza kuwaeleza wenyeji jinsi Dodoma ilivyo. Shangazi Lea, mkubwa pekee aliyebaki katika ukoo wa Devota, hakuuliza dini ya mtu huyo wala tabia yake. Alisikia ana ekari tano za mizabibu Hombolo, akaanza kumwita mkwe. Devota aliambiwa aende akalione shamba, na jibu lake lisikike kwa Shangazi siku hiyo hiyo.

Na ukweli usemwe: alitaka kukubali. Alikuwa amechoka kusonga ugali wa mtu mmoja. Ila angekufa kabla ya kumwambia mtu jambo hilo.

Jumamosi Apolinari alimfuata kwa gari, amevaa kofia pana ya watalii na miwani ya jua.

"Leo hatuna haraka, mama," alisema. "Tunatembea taratibu, tunafurahia mandhari."

Taratibu kweli. Baada ya Ihumwa waliachwa na baiskeli zilizobeba mkaa. Kila penye kijani alisimamisha gari, akashusha kioo, akanyoosha kidole.

"Hiyo ni mizabibu."

"Mimi nilidhani mihogo," Devota alijibu.

Kijijini waliingia kwa mama mmoja anayetengeneza mvinyo nyumbani kwake. Apolinari hakunywa kama watu. Aliizungusha bilauri, akaitumbukizia pua, akafumba macho kama anayeombewa.

"Nasikia harufu ya matunda," alisema.

"Ni zabibu, Apolinari. Ulitaka usikie dagaa?"

Mwenye nyumba alicheka mpaka akaketi. Apolinari naye alicheka, ingawa kwa kuchelewa kidogo, na Devota akamwongezea alama moja kimoyomoyo kwa kule kucheka.

Mchana walikula samaki wa kukaanga kando ya bwawa. Apolinari aliliita ziwa, Devota akamwambia ni bwawa, limejengwa na watu, naye akaendelea kuliita ziwa. Lakini alipokuwa akiongea alimtolea samaki miiba, akaisogeza minofu upande wa Devota, bila kujitangaza. Devota aliangalia maji. Tangu afiwe hakuna mtu aliyewahi kumtolea miiba. Alikula yote, na moyoni akaanza kupanga kitenge atakachovaa.

Jioni ilipokaribia walifika shambani. "Lile pale, lenye tenki la bluu," alisema Apolinari, na sauti yake ikajaa fahari. Haki ya Mungu, lilikuwa shamba. Nyaya zimekazwa, mistari imenyooka, vichala vyeusi vimening'inia. Apolinari aliingia kifua mbele, akakata kichala kimoja, akampa Devota kwa mikono miwili.

Mwanamke mmoja alitokea kati ya mistari, mkasi mkononi.

"Karibuni. Mmekuja kununua?"

"Hapana, dada," Apolinari alisema kwa upole wa bosi. "Mimi ndiye mwenye shamba."

Mwanamke yule, Yasinta kwa jina, alimtazama kofia, akamtazama viatu. "Basi pole na kazi, kaka. Nimelilima miaka yote hii na hatujawahi kuonana."

Apolinari alitoa simu ampigie Nathan, msimamizi wake. Simu ya Nathan ikaita mistari miwili kutoka pale. Nathan alisimama taratibu na ndoo ya zabibu za Yasinta, maana alikuwa kibarua wake.

"Shikamoo, bosi," alisema. "La kwako ni lile."

Alionesha ng'ambo ya ua wa miiba. Nguzo zilikuwepo, baadhi zimelala. Mizabibu ilikuwa vijiti vikavu vilivyopakwa udongo wa mchwa, na mbuzi wawili walikuwa wanamalizia kilichobaki.

"Na picha?" Apolinari alifoka. "Kila mwezi ulikuwa unanitumia picha!"

"Nilikuambia mchwa wameingia, ukasema tutaongea. Halafu ukaagiza picha za zabibu. Kwako hazikuwepo, bosi, nikapiga za hapa."

"Tangu uipande mizabibu hii, umekuja mara ngapi?" Devota aliuliza.

Apolinari alikuwa hajaja hata mara moja. Shamba lake mwenyewe alilijua kwa tenki la jirani! Yasinta alitikisa kichwa. "Ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Devota alingoja. Shamba kukauka si dhambi, mashamba ya watu hukauka. Kama mwanaume yule angecheka tena kwa kuchelewa, au hata angelia, Devota angepanda gari naye na Shangazi angepata jibu zuri. Alimsihi kimoyomoyo aseme neno moja la mtu mzima.

Apolinari alivua kofia, akafuta jasho, kisha uso ukamng'aa.

"Mama, simama hapo kwa Yasinta, kwenye vichala vile. Shika kile kikubwa, tabasamu kidogo. Nikupige picha tumtumie Shangazi kabla giza halijaingia. Haya ya huku tutayarekebisha polepole, hana haja ya kuyajua."

Jambo hilo lilimuuma Devota kuliko alivyotarajia. Akakiweka kichala juu ya ua.

"Tangulia wewe kupigwa," alisema. "Pale, kati ya wale mbuzi. Vaa kofia."

Apolinari, ambaye hakuwahi kukataa kupigwa picha, alikwenda akasimama, akaweka mkono kiunoni. Devota alimpiga picha, akaituma kwa Shangazi Lea na maneno chini yake: "Shamba ndilo hili na mwenye shamba ndiye huyu. Nimekataa." Kisha akamuuliza Yasinta bodaboda za kurudi mjini zinapatikana wapi.