Mchungwa wa marehemu mke wangu ulikauka upande mmoja, nikamshuku jirani

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi humu huwa nasoma tu. Leo naandika jambo lililonipata Kibiti, na nitalieleza lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Jirani yangu Seifu akaleta mashine ya kusaga, ya dizeli, akaifunga karibu na mpaka wetu.

Upande huohuo, nyuma ya nyumba yangu, mke wangu Mwanahawa alikuwa na mchungwa. Aliupanda yeye na kuumwagilia yeye.

Seifu alikitaka kile kipande cha kiwanja apanue banda la mashine. Mwanahawa akamjibu, "Shemeji, subiri kwanza nife." Wakacheka wote wawili.

Kiangazi kilichofuata Mwanahawa akafariki. Homa, akafia nyumbani.

Siku za msiba sikumbuki mengi. Mfiwa unakaa mkekani, watu wanafanya kila kitu.

Msiba ulipotulia nikaona majani ya mchungwa yanajikunja. Yakawa ya njano, yakapukutika. Lakini upande mmoja tu, ule wa kwa Seifu. Upande wa pili ulikuwa kijani kabisa.

Nikamwagilia ndoo kwa ndoo. Wapi.

Hapo shaka ikaniingia. Mashine inamwaga dizeli, kiwanja anakitaka, na aliyemkatalia hayupo. Mahindi yangu nikaanza kupeleka kusaga mbali. Akinisalimia namjibu kwa mkato.

Nikaamua kwamba siku ya arobaini, baada ya hitima, nitamtaja mbele ya watu wote. Ila sikutaka kusema bila ushahidi. Siku moja kabla, nikachukua jembe nikachimbe shinani, ninuse.

Seifu akasikia, akaja.

"Baba Hadija, unatafuta nini hapo?"

"Ulichomwaga."

"Nimemwaga nini?"

"Dizeli."

Akaniangalia. "Dizeli ninayoikopa Ikwiriri nije kuunywesha mchungwa? Haya, nusa bwana."

Nikanusa. Udongo mtupu. Ila ulikuwa laini, kama uliokwishachimbwa. Nikaendelea, nikakuta mzizi mnene kama mkono wangu, umekatwa. Pembeni yake mwingine, na mwingine. Yote kwa panga.

"Na hii imejikata?"

Seifu akachuchumaa.

"Nimekata mimi," akasema. "Hapa ndipo ulipokuwa ufuo."

Kwa wasiojua, ufuo ni ule mfereji unaochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea maiti, maji yaingie humo, kisha unafukiwa. Chumba chetu kilikuwa kidogo, kwa hiyo Mwanahawa alioshewa nje, ndani ya uzio wa makuti.

"Jembe likagonga mizizi," Seifu akaendelea. "Uzio umeshafungwa, maji yameshapata moto, akina mama wanasubiri. Ningesema tuhame? Nikaomba panga."

Sikumwamini hapohapo, wakuu. Nilimwacha amesimama nikaenda kumuuliza mama aliyeongoza kuosha. Akasema, "Ni Seifu. Wenzake walitaka kumpokea jembe, akakataa. Alichimba huku machozi yanamtoka."

Nikakumbuka shule, darasa la sita. Mwalimu alitumbukiza ua jeupe kwenye maji ya wino, kesho yake likawa na michirizi ya buluu. Akatwambia mmea hunywa kwa mizizi, maji na chumvichumvi za udongo hupanda ndani ya mti hadi kwenye majani. Majani nayo hutengeneza chakula, kinachoshuka hadi mizizini.

Mizizi ya upande ule ndiyo iliyonywesha matawi ya upande ule. Ilipokatwa, na kiangazi kile, matawi yakabaki na kiu. Mimi ndoo zangu zote nilikuwa nazimwaga palepale, kwenye mizizi isiyoweza kunywa.

Siku ya arobaini nilisimama kweli, na nilimtaja Seifu kweli. Nilisema, "Huyu ndiye aliyemchimbia mke wangu ufuo. Sikuwahi kumshukuru." Nikakaa.

Nilichojifunza ni kidogo. Mti ukikauka upande mmoja, fukua mizizi ya upande huo kabla hujamfukua mtu. Na ukiwa na msiba, usiiamini sana akili yako, inatafuta wa kumlaumu.

Kama yupo aliyewahi kumshuku mtu akiwa msibani, aandike hapa chini. Nitasoma yote, hata ya kunisema.